Magoti ya Suruali ya Mchungaji Yosia

Suruali ikiletwa mezani kwangu, kabla sijauliza ina shida gani, naigeuza ndani nje. Ni tabia ya miaka mingi. Mke wangu ananisema sana kwa ajili hiyo, maana hata harusini nikimsalimu mtu, jicho langu linateremka lenyewe mpaka kwenye pindo. Ninyi mnaojifunza cherehani siku hizi mnapiga picha ya nguo kwa simu, mnaanza kazi. Sawa, sina ugomvi. Lakini nguo ina habari za mwenyewe, na usipojua kuzisoma utaweka kiraka mahali pasipo maana. Na ukijua kuzisoma kuna hatari nyingine, kubwa zaidi, na hiyo ndiyo nataka kuwaambia. Nitakuwa nasimama na kukaa, mnivumilie. Habari hii sijawahi kuisimulia nikiwa nimetulia.

Haya. Dereva wa lori, suruali yake huisha makalioni. Karani, shati lake huisha kwenye kiwiko cha mkono anaoandikia. Mvuvi ni pindo, linaoza kwa maji ya ziwa hata kama kitambaa ni kigumu. Mfanyabiashara ni mdomo wa mfuko, kwa sababu mkono wake hautulii, unaingia na kutoka kutwa nzima. Sisi Waislamu kanzu zetu huchakaa pale goti linapogusa mkeka. Na kulikuwa na mteja mmoja tu katika mji wetu wa Gisenyi ambaye suruali zake ziliisha magotini, yote mawili sawasawa, kama yamepimwa kwa tepu. Kila miezi mitatu aliniletea. Huyo ndiye Mchungaji Yosia wa Wamethodisti.

Nasema miaka ya hamsini, wakati wa Wabelgiji, nilipokuwa na cherehani moja kwenye kibaraza karibu na soko. Baba yangu alitoka Ujiji na biashara ya chumvi na vitambaa, akafia hapa. Mchungaji Yosia alitoka kusini mwa ziwa letu, ambako kanisa lake lilianzia, akaja kuwaanzishia watu wake kanisa dogo mjini kwetu. Nilipomjua alikuwa amekwisha kustaafu kwa sababu ya kifua. Kanisa likampa nyumba ya vyumba viwili pale Nengo, mlimani juu ya mji, akae na mke wake, Mama Dorika, wapumzike. Hawakujaliwa mtoto. Mchungaji mpya alikuwepo, kijana mwenye sauti nzuri, lakini mtu akiuguliwa alipanda Nengo. Kustaafu kwa Yosia kulikuwa kwenye barua tu.

Suruali yake ya kwanza niliiharibu, wala sioni haya kusema. Mguu mmoja ulikuwa mfupi kwa vidole viwili. Shida ni kwamba hakujua kusimama. Nikiinama na tepu, anamwona mtu barabarani, anageuka kumsalimu. "Muraho, Mama." Nikianza tena anapita mwingine, anainua mkono, suruali inapanda. Alipokuja kuichukua akaivaa, akatembea mpaka kwenye ngazi na kurudi, akaniambia: "Hamisi, mguu huu umetangulia mbinguni." Akaivaa hivyo hivyo mwaka mzima. Baadaye nilipata njia: nilimpa gurudumu la cherehani ashike kwa mikono miwili, nikamwambia akiliachia uzi utakatika. Alishika kwa nguvu kama nahodha. Hata leo nikiwa na mteja wa namna hiyo nampa kitu cha kushika. Mlitie hilo akilini, litawasaidia kwa watoto na kwa wanasiasa.

Watu walimpenda kwa nini? Mimi naweza kusema la kwangu. Baba yangu alipokufa mvua ilikuwa inanyesha ile ya kwetu isiyo na adabu. Mchungaji Yosia hakuingia msikitini, alisimama nje, kofia mkononi, maji yanamtiririka mpaka ndani ya viatu, mpaka jeneza likatoka. Kisha akatembea nasi hadi makaburini. Hakusema neno la dini hata moja. Siku ya Idi alikuwa wa kwanza kugonga mlango, kabla hata ya shemeji zangu, na alikula kwa bidii. Wavuvi wakigombana kuhusu nyavu walimwita yeye, si mkuu wa polisi. Alikaa nao juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akawasikiliza huku akisaidia kufumbua mafundo ya wavu, na mafundo yalipokwisha na ugomvi ulikuwa umekwisha. Nilimpenda. Sina neno zuri zaidi.

Kiraka cha goti, sasa, msikilize vizuri. Usichukue kitambaa kipya dukani, kitaonekana kama bendera. Fumua pindo la chini, kata humo humo, ni kitambaa kile kile. Kwa kuwa hakijaona jua, kitandaze juani siku mbili tatu, kikimwagiwa maji asubuhi. Kikishapauka, kiweke upande wa ndani, kizidi tundu kwa vidole viwili pande zote, na kona uzizungushe, usiache ncha, maana ncha hukwaruza ngozi ya mtu aliyepiga magoti. Hilo la kona nilifundishwa na Mama Dorika. Siku moja alikuja mwenyewe kibarazani na suruali ya mumewe, akaniwekea kidole kwenye kiraka changu: "Hii kona inamukata. Anaomba muda murefu, we hujui." Sakafu yao Nengo ilikuwa ya changarawe nyeusi ya volkano iliyoshindiliwa. Nilizungusha kona tangu siku hiyo.

Mama Dorika alikufa wakati wa mvua kubwa. Tuliambiwa aliugua ghafla mchana, daktari wa mjini alikuwa amesafiri, wakampandisha kwenye lori la Saidi kumpeleka hospitali ya misheni upande wa kusini, wakakuta mto Sebeya umefurika. Basi. Saidi dereva alikuwa mteja wangu, nikamuuliza ilikuwaje. Akasema, "Maji yalikuwa mengi," akawasha sigara. Mimi nilimwona mtu baridi. Sasa najua alikuwa ananizidi akili mara kumi.

Miezi mitatu ikapita, minne, mitano. Mchungaji Yosia hakuleta magoti. Mwezi wa sita alileta suruali mbili, si za kuziba, za kupunguza kiuno, maana alikuwa amekonda. Nikazigeuza ndani nje, unajua tena. Magoti yalikuwa mazima. Na si mazima tu. Mstari wa pasi ulikuwa umesimama pale pale kwenye goti, mkali, tangu juu mpaka chini. Suruali iliyopigiwa magoti hata mara moja hupoteza ule mstari. Nikachukua ya pili, vile vile. Nikazilaza mezani nikazitazama. Mtu mmoja tu katika mji huu ndiye aliyejua kwamba Mchungaji Yosia haombi, naye alikuwa Mwislamu mwenye cherehani.

Ningenyamaza, vijana wangu. Nashika kichwa hata leo.

Kesho yake akaja Mama Vestina. Alikuwa muuza samaki, mwanamke wa Kimethodisti wa pale ufukweni, mwenye mdomo na mwenye moyo, vyote vikubwa. Alileta blauzi, lakini alikuja na hasira.

"Nilipanda Nengo," akasema. "Mutoto wangu iko na homa siku tano. Nikamwambia Pasteri amuombee. Unajua alifanya nini? Akanishika mukono, akasema pole. Akanipa chupa ya asali. Pasteri wa kusema pole tu, ni pasteri gani huyo?"

Hapo ndipo kijana mwenye akili nyingi akatoka ndani yangu. Nilitaka tu kuchekesha, na nilitaka ajue kwamba mimi najua jambo. Nikasema: "Magoti ya Pasteri yako konji, mama." Likizo tulikuwa tunaiita konji, kwa Kifaransa chetu. Hakuelewa. Nikachukua suruali kwenye rafu, nikamwonyesha ule mstari wa pasi. Nikamfundisha na namna ya kuusoma, kama ninavyowafundisha ninyi.

Hakucheka. Alishika kile kitambaa, akakipapasa kwa kidole gumba mara mbili, akatoka bila kuacha blauzi.

Mtoto alipona baada ya siku mbili, lakini habari ilikuwa imeshafika ufukweni, ikapanda soko, ikaenda Nengo. Wanawake waliokuwa wakipanda kwake asubuhi wakaanza kupanda kwa mchungaji kijana. Mtu akimwona Yosia anakuja, anakumbuka alikuwa na safari upande mwingine wa barabara. Yeye aliendelea kuinua mkono kuwasalimu. Nilimwona siku moja akiinua mkono, watu watatu wakainama kufunga kamba za viatu, na mmoja wao alikuwa peku. Nilicheka kidogo, kisha nikashindwa kula mchana.

Jumanne akaja Mzee Simeoni, mkuu wa wazee wa kanisa lao, mtu mrefu aliyekuwa seremala. Hakukaa.

"Bon, fundi, tusizungushe. Watu wanasema patalo za Pasteri ziko hapa, na zinasema haombi tena."

"Watu wanasema mengi, mzee."

"Alhamisi wazee wanakaa. Ile nyumba ya Nengo kanisa lilimupa ili akae akituombea. Kama ameacha, atatoka, mupya aingie. Donc, nataka kuona na macho yangu. Zilete."

Atatoka aende wapi? Hana mtoto, mke kaburini, kwao kusini hakubaki mtu wa kumpokea. Nikasema suruali ziko majini, nimezifua, aje kesho mchana. Uongo wa kwanza. Akaondoka akisema nisimchezee.

Nikafunga kibaraza mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kufanya, nikachukua lile jiwe jepesi la volkano, lenye matundu, mnalosugulia nyayo. Nawaambia kazi hii mjue kwamba inawezekana, si ili muifanye. Unaivalisha suruali kwenye kipande cha mti cha mviringo, unailowesha, unasugua kwa mzunguko, taratibu, maana ukisugua kwa mstari mmoja utaonekana. Katikati zaidi, pembeni kidogo. Halafu vumbi la sakafuni na maji ya chai, unakausha, unasugua tena. Unavunja mstari wa pasi kwa mvuke. Mpaka jua linazama nilikuwa nimempa Mchungaji Yosia miezi sita ya sala. Sijawahi kufanya kazi safi kuliko ile. Nilijiambia ninamwokoa. Nilikuwa najiokoa mimi.

Jumatano Simeoni akaja, akachukua suruali, akatoka nayo kwenye ngazi penye mwanga, akainyoosha juu. Nuru ikapita kwenye magoti yote mawili. Nikaona mabega ya yule mzee yanashuka, kama mtu aliyetua gunia.

"Asante Mungu," akasema. Macho yalikuwa yamemlowa. "Vestina ni muongo. Alhamisi tutamuita yeye, atasimama mbele ya kanisa."

Jambo hilo sikulifikiria hata kidogo. Niliona Mama Vestina amesimama mbele ya watu, analia, anasema niliona kwa macho yangu, na hakuna anayemwamini. Na wakati huo huo Mchungaji Yosia akapanda ngazi, amekuja kuchukua nguo zake.

Alitusalimu wote wawili. Simeoni akamkumbatia kwa furaha, suruali bado mkononi. "Pasteri, tusamehe. Watu walikusema vibaya."

Yosia akaichukua. Akatia mkono ndani ya mguu wa suruali, akakisukuma kitambaa kwa vidole, akaviona vidole vyake kwa upande wa pili. Akanitazama. Mimi nilitazama kanyagio la cherehani.

"Simeoni," akasema, "haya magoti si yangu."

"Namna gani si yako?"

"Kaa chini."

Simeoni akakaa kwenye benchi la wateja. Yosia alibaki amesimama, akashika gurudumu la cherehani bila mimi kumwambia.

"Siku ile Dorika alianza kutapika damu mchana. Saidi akaleta lori mpaka mulangoni. Tukamulaza juu ya magunia ya viazi. Wingu lilikuwa limeshakaa juu ya milima, Saidi akasema twende haraka, Sebeya itajaa. Mi nikamwambia, zima motori, tuombe kwanza. Nikapiga magoti pale pale. Unanijua, mi siombi kifupi. Dorika akaniita mara mbili. Nilimusikia. Nikasema ndani ya roho, ngoja nimalize." Akakohoa. "Tulifika mutoni, daraja halionekani. Kulikuwa na lori lingine ng'ambo, matope yake bado mabichi. Lilikuwa limetoka kuvuka. Alikufa palepale, tukiangalia maji."

Simeoni alifunika mdomo wake kwa mkono.

"Tangu siku hiyo nikikunja goti nasikia ananiita. Nimejaribu, Simeoni. Nafika nusu, narudi juu. Vestina alisema kweli. Nilimupa asali kwa sababu sikuwa na kitu kingine."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Mungeniambia niombe."

Benchi likalia tu, Simeoni alikuwa anajiinamia. Kisha Mchungaji Yosia akanigeukia, na mimi nilitamani sakafu ipasuke.

"Hamisi. We ulimwonyesha Mama Vestina nguo yangu?"

"Ndiyo, baba."

"Na hii umeisugua na jiwe?"

"Ndiyo."

Akaipapasa tena. "Umefanya kazi nzuri. Kidogo niamini mi mwenyewe." Hakusema kwa kejeli, na ndiyo maana nililia, kijana mzima, mbele ya barabara ya soko. Akaiacha suruali mezani. "Weka viraka," akasema. "Sina nyingi."

Saidi alijua yote, mnaona. Alikuwepo, motori aliizima yeye, lori la ng'ambo aliliona yeye. Alivuta sigara yake akasema maji yalikuwa mengi.

Jumapili nilikwenda kusimama nje ya kanisa lao, dirishani. Mchungaji Yosia aliomba nafasi akasimama, hakupanda mimbarini, akawaambia kila kitu kama alivyotuambia, na kwa sauti yake mbovu ile hata waliokaa nyuma walimsikia. Alimtaja Mama Vestina kwamba ni mkweli. Mimi hakunitaja. Watu wengine walilia, wengine walitoka kabla hajamaliza, na mmoja alipita karibu yangu akisema kwa Kinyarwanda kwamba afadhali asingesema. Wazee walibishana Alhamisi mbili. Mwisho wakamwachia nyumba, kwa sababu Simeoni alisema wakimtoa na yeye atatoka. Lakini kile kiti chake karibu na mimbari walikiondoa. Tangu hapo alikaa nyuma, karibu na mlango. Kuna waliokuwa wakimpenda ambao hawakurudi kwake mpaka alipokufa, na hilo ni langu, sitampa mtu mwingine alibebe.

Nilimwomba msamaha mara ngapi sijui. Alikuwa ananiambia, "Nimeshasikia, pima kiuno." Mama Vestina naye nilimfuata ufukweni, akanipiga kofi moja mbele ya wavuvi, kisha akaniuliza blauzi yake nitaishona lini. Kuanzia hapo kila Ijumaa jioni alipanda Nengo na samaki wawili. Niliwahi kumkuta huko, nimepeleka shati. Mchungaji Yosia alikuwa kitini, na yule mama amepiga magoti juu ya changarawe katikati ya chumba, amefumba macho. Nilitaka kurudi, akafumbua jicho moja. "Ingia, fundi. Yeye akae tu. Siku hizi mi ndiye naomba." Akafumba tena akaendelea. Nilisimama mlangoni na shati langu, sikujua mikono niiweke wapi.

Aliishi miaka miwili zaidi. Nguo zake zote zilipita kwangu. Alipokufa Simeoni alinijia, akaniambia nipande nikachague suruali iliyo nzuri ya kumzikia, niipige pasi. Zilikuwa mbili, zimekunjwa juu ya kitanda. Nilibaki peke yangu chumbani. Na mimi ni mimi, nilizigeuza ndani nje.

Juzi walikuja watu wa kanisa lake, vijana wastaarabu wenye kalamu na daftari, wanakusanya habari za maisha yake. Niliwaambia ya mguu uliotangulia mbinguni, wakacheka. Niliwaambia ya mvua, ya wavuvi, ya Mama Dorika na kona za kiraka. Mwisho mmoja wao, msichana, akaniuliza polepole: "Mzee, mwishoni, alirudi kupiga magoti? Watu wanasema ni wewe tu unayejua."

Ni kweli, ni mimi tu. Mke wangu ameniuliza miaka yote hii. Simeoni aliniuliza siku ile ile nilipotoka chumbani na suruali mkononi, na aliniuliza tena alipokuwa anakufa. Jibu ninalo, nililishika kwa vidole hivi. Linaniwasha kila siku ya Mungu, linaniamsha kitini, na sasa hivi naona mnanitazama vivyo hivyo, mnangoja.

Siwaambii.